Barua ya Kumzika Fundi Tarsis

Ukitaka kumkuta Mama Skola ametulia, msubiri Jumapili padre akihubiri, na hata hapo utaona mguu wake mmoja unapigapiga sakafu kama mtu anayeshona kwa cherehani. Jina lake la ubatizo ni Scholastika. Kwao ni Peramiho. Aliingia Dar akiwa na miaka kumi na tisa, sasa ana hamsini na nne, na miaka yote hiyo anakuambia yuko hapa Bongo kwa muda tu. Mumewe alipanda kivuko pale Magogoni miaka kumi na mbili iliyopita, akaaga kwamba anaenda kuangalia kiwanja Kigamboni. Mpaka leo anakiangalia.

Kazi yake ni kupeta mchele kwenye stoo ya Bwana Hafidhi, Mtaa wa Tandamti, Kariakoo. Wenzake wanakaa chini, miguu wameinyoosha, ungo mapajani, wanachambua mawe huku umbea unaenda. Yeye anapeta amesimama. Bwana Hafidhi, ambaye babu yake alizaliwa mtaa huohuo na hajui kwao kwingine, humwambia, "Skola, wewe ukifa tutakuzika wima, maana kukulaza itakuwa shughuli." Naye humjibu atangulie yeye, mwenye tumbo kubwa.

Kazi yake ya pili haina mshahara, na ndiyo iliyomletea balaa. Ni mwenyekiti wa jumuiya. Kwa asiyejua, parokia za Kikatoliki hapa mjini zimegawanywa vipande vipande, majirani wa mtaa mmoja wanasali pamoja kila Jumamosi alfajiri, leo kwako kesho kwangu. Hiyo ndiyo jumuiya. Huko watu wanajuana, wanatembelea wagonjwa, wanasutana, wanapatana. Na ukifa, padre haulizi ulikuwa na cheo gani. Anauliza, huyu alikuwa anasali na nyinyi? Mwenyekiti akijaza fomu kwamba ndiyo, misa ipo na padre anakuja mpaka kaburini. Akijaza hapana, familia itajijua na shimo lao.

Kwa hiyo majirani zake wa Ilala walimheshimu sana Mama Skola. Wengine walikuwa wanamsalimia kabla hata hawajamwona vizuri.

Sasa Alhamisi moja ya mwezi wa nne, mvua imekatika lakini mitaro bado imefurika, saa tatu asubuhi, akaingia stooni binti mmoja amejifunga kanga kiunoni. Ni Leticia, mtoto wa Tarsis fundi viatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona hivyo, kwenu salama?"

"Si salama. Baba amefariki jana jioni."

Ungo ukabaki hewani. Wale wanawake wa chini nao wakaacha kuchambua, maana Tarsis alijulikana na kila mtu mwenye miguu Kariakoo.

"Masikini. Aliumwa nini?"

"Kifua tu. Siku tatu. Tunazika kesho." Leticia akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Nimetoka parokiani. Dada wa ofisini kanipa hii, kasema uijaze wewe, irudi kabla ya saa nane leo. Ikichelewa padre hapangi misa."

Mama Skola aliifahamu ile fomu kuliko alivyofahamu uso wake. Nusu karatasi. Jina la marehemu. Je, alishiriki jumuiya? Kama hapana, eleza sababu. Halafu mistari mitatu ya nukta nukta, na mahali pa saini.

"Baba mwenyewe alisemaje?" akauliza, sauti ameishusha.

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu kuzikwa kwake."

Leticia akaangalia magunia. "Alisema nisikubembeleze, mama. Alisema nikupe tu karatasi, cha kuandika unakijua."

Akaaga, akaenda zake kutafuta turubai. Mama Skola akabaki na fomu mkono mmoja na ungo mkono wa pili, hajui aweke kipi chini.

Na kweli alikijua cha kuandika.

Miaka mitatu nyuma, wauza bidhaa walipoondolewa kwenye vibaraza vya Kariakoo, watu walitawanyika. Aliyekuwa anauza soksi kahamia Mbagala, wa vyombo kaenda Chanika, mwingine Gongo la Mboto. Huku Ilala nako nyumba za Kiswahili walizopanga zikawa zinavunjwa moja moja, ghorofa zinaota. Jumuiya ya watu thelathini na sita ikabaki na kumi na mmoja. Jumamosi moja Mama Skola alifungua kitabu cha sala, akainua macho, akajikuta na mama mmoja na mtoto wake mchanga, na mtoto amelala.

Siku ile aliogopa. Lakini Mama Skola akiogopa hasemi ameogopa, anatunga kanuni. Akatunga: mtu aje mwenyewe, asitumie mwakilishi, na asiyeonekana miezi sita, akifa hana barua ya maziko, yaani fomu yake inajazwa hapana. Wanajumuiya wakapitisha, kama watu wanavyopitisha jambo wakati chai iko tayari.

Wa kwanza kuangukiwa na hiyo kanuni alikuwa Beno, mume wa Joyceline. Beno alikuwa mlinzi wa usiku wa maduka ya Tandamti, stoo ya Bwana Hafidhi ikiwemo. Zamu yake ilikuwa inaisha saa moja asubuhi. Jumuiya inaanza saa kumi na mbili. Joyceline hakukosa hata Jumamosi moja, anasali sala zake na za mumewe, lakini kanuni ilishasema hakuna mwakilishi. Beno akagongwa na pikipiki, akafa. Joyceline akaja na fomu mlangoni kwa Mama Skola mara tatu. Mara zote tatu Mama Skola alimpa pole, akampa maji ya kunywa, akamwambia, "Nikianza na wewe kuvunja, mdogo wangu, jumuiya imekufa." Akaandika: Hapana. Sababu: hakuhudhuria. Beno akazikwa bila misa, bila padre.

Jumamosi iliyofuata, Tarsis akasimama kabla ya wimbo wa kwanza. Mzee mfupi, mgongo umepinda kwa kuinamia viatu vya watu, kila siku anakuja na kigoda chake mwenyewe.

"Mwenyekiti," akasema, "saa ile sisi tunasali hapa, Beno alikuwa macho kwa ajili ya nani?"

"Mzee Tarsis, kanuni ni kanuni."

"Sawa. Basi mnifute na mimi. Nikifa, hiyo kanuni ije inibebe."

Akachukua kigoda chake, akatoka. Mama Skola akalifuta jina lake hapohapo, kalamu ikatoboa karatasi.

Kilichofuata ndicho kilikuwa kibaya zaidi, na hakuna aliyekijua ila yeye. Watu ambao hawakuwepo siku ile walianza kuuliza, mbona Tarsis haonekani? Mmoja akasema kamwona Mnazi Mmoja kwenye mkutano wa walokole, kumbe alienda kushona kiatu cha mhubiri. Wakamjia mwenyekiti: ni kweli Tarsis kahamia kwa walokole? Mama Skola akajibu, "Mungu anajua." Jibu zuri sana hilo, kwa mtu ambaye na yeye anajua. Maneno yakatembea mpaka kwa padre. Na Mama Skola, kwa aibu ya kupita mbele ya Tarsis, akawa anapeleka viatu vyake kwa fundi wa mbali aliyekuwa anamgundishia soli vibaya.

Sasa hapo stooni Bwana Hafidhi alikuwa amesikia kila kitu, maana stoo ni ndogo na masikio yake ni makubwa.

"Utaandika nini, Skola?"

"Bwana Hafidhi, haya ni mambo ya kanisa."

"Nimekuuliza tu. Mimi nilimzika mlinzi wangu, unakumbuka? Nilisimama pale makaburini Kinondoni na vijana wangu wa kubeba magunia, tunawasubiri nyinyi mje na vitabu vyenu. Walikuja wenzako watatu. Tarsis mmojawapo. Hakuna aliyejua aanzie wapi. Mwisho Tarsis akapiga ishara yenu ile ya msalaba, na sisi tukainua mikono tukamwombea tunavyojua sisi. Nikasema moyoni, Mungu atachambua mwenyewe, kama nyinyi na mchele wangu."

"Unanisimanga."

"Sikusimangi, mama. Ningekusimanga ningekwambia ukae."

Mama Skola akavua kitambaa cha kichwani, akakung'uta pumba, akatoka.

Ofisi ya parokia ilikuwa na foleni ya watu watano. Yeye hakukaa kwenye benchi, akawa anatembea kutoka kwenye ubao wa matangazo mpaka kwenye sanamu ya Bikira Maria na kurudi, mpaka dada wa ofisini akamwambia, "Mama Skola, unatutia kizunguzungu, pita tu."

Padre Augustino alikuwa anakula karanga mezani huku anasaini vyeti vya ubatizo.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu mwenyekiti. Umeleta fomu ya yule fundi viatu?"

"Nimekuja nayo, padre."

"Huyu si ndiye alihama kwenda kwa walokole?"

Hapo ndipo pangekuwa pa kusema. Maneno yalikuwa tayari yamefika kwenye meno. Lakini nje wako watu watano, na dada wa ofisini ana shingo ndefu, na Mama Skola ana miaka tisa ya kuitwa mwenyekiti.

"Nahakikisha kwanza, padre," akasema. "Narudi."

"Kabla ya saa nane basi. Kesho nina mazishi mengine Ukonga, lazima nijue."

Akatoka mbio mbio, amejichukia mpaka jasho limemtoka. Saa ilikuwa tano na nusu. Angeweza kuandika ndiyo, mambo yaishe: fundi anapata misa yake, mtoto wake anatulia, hakuna anayeuliza. Alifika mpaka getini akaitandika fomu juu ya nguzo, akatoa kalamu. Lakini kila akitaka kuandika ndiyo ya Tarsis, anaiona hapana ya Beno, na anamwona Joyceline, ambaye mpaka Jumamosi iliyopita alikuja kusali, akakaa palepale karibu na mlango, akaimba, akapeana amani na kila mtu, na mwenyekiti akiwemo. Jumamosi hii angemwangaliaje? Akafunika kalamu, akashika Barabara ya Uhuru kwa miguu kuelekea Ilala, kwenye soko la mitumba.

Joyceline anauza mapazia ya mitumba. Banda lake lote ni mapazia, yamening'inia mpaka chini, unasikia sauti kabla ya kumwona mtu.

"Karibu mteja, mapazia mazito yapo, mepesi yapo."

"Ni mimi, Joyce."

Pazia moja la maua likasogea, Joyceline akatokeza, pini mbili mdomoni. Akazitoa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umesikia ya Tarsis?"

"Nimesikia asubuhi. Nitaenda msibani nikishafunga."

"Leticia kaniletea fomu."

Joyceline akaichukua, akaisoma yote, ingawa haikuwa na kitu. Akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Sasa umeileta huku ya nini? Huku tunauza mapazia."

"Nikiandika ndiyo, Joyce, nitakuwa nimekudhulumu wewe. Nikiandika hapana, nitakuwa nimemdhulumu yeye. Nimeshindwa."

"Kwa hiyo umekuja nikuruhusu."

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Hapana, dada. Umekuja nikuruhusu, ukalale. Msamaha ulikuwa na miaka miwili ya kuja. Kutoka kwako mpaka kwangu ni nyumba nne." Akageuka akaanza kukunja pazia ambalo lilikuwa limeshakunjwa. "Unajua kwa nini sijaacha jumuiya? Watu wananiuliza. Wanadhani nina imani sana."

"Kwa nini?"

"Nakuogopa. Nikiacha halafu nikafa, wanangu wataambiwa nini na wewe? Watakuja mlangoni kwako mara tatu, utawapa maji ya kunywa. Basi naja. Nakaa karibu na mlango, nasali nisife kabla ya Jumamosi."

Mama Skola alitafuta pa kushika, akashika pazia, likaanguka pamoja na kamba yake. Wakainama wote wawili kuliokota, vichwa vikagongana. Mteja mmoja aliyekuwa anachungulia akaona bora aende banda la pili.

"Unaniharibia na biashara," Joyceline akasema, lakini akakaa juu ya belo la mitumba, akapangusa macho kwa ncha ya lile pazia. Mama Skola amesimama tu, kwa mara ya kwanza hajui miguu iende wapi.

"Mwandikie fundi wa watu," Joyceline akasema mwishowe. "Alitukosea nini yule? Alinisemea mimi wakati mimi mwenyewe nimefunga mdomo. Lakini usiandike ndiyo, ukapita kimyakimya kama mwizi. Andika ilivyokuwa."

"Nitaandika."

"Na useme. Siyo kwangu, kwangu najua. Kwa watu."

"Nitasema."

"Na lingine. Kesho padre ataenda Kinondoni. Miguu yake itakuwa palepale. Kutoka atakapolala Tarsis mpaka alipo Beno si safari ya basi. Mwambie atembee."

"Akikataa?"

"Wewe ulipokataa ulipata shida gani? Nenda, saa nane hiyo inakuja."

Alirudi parokiani saa saba na dakika arobaini, kandambili mkononi maana mkanda ulikatikia njiani. Foleni ilikuwa imeisha. Safari hii hakusubiri kuulizwa. Aliegemea meza ya padre, akaijaza ile fomu mbele yake, kwa herufi ndogo ili maneno yaenee kwenye mistari mitatu, na dada wa ofisini akaja kabisa kusimama mlangoni.

Padre Augustino akasoma kwa sauti ya chini. "Alishiriki kila wiki mpaka siku alipomtetea marehemu Beno ambaye mwenyekiti alimnyima barua kwa kanuni mbaya. Hakuhama dhehebu. Kosa ni la mwenyekiti." Akavua miwani. "Mama Skola, hii si sababu niliyozoea kuisoma hapa."

"Najua, padre."

"Na walokole?"

"Hajawahi kuwa kwa walokole. Alishona kiatu."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Asubuhi nimekuuliza hapahapa."

"Asubuhi niliogopa."

Padre alikuwa tayari kukasirika, na ana hasira nzuri akiamua. Akafungua jalada la mwaka wa juzi, akaperuzi, akaitoa fomu ya Beno. Hapana. Hakuhudhuria. Chini yake saini ya mwenyekiti, na chini ya hiyo saini yake yeye mwenyewe kama paroko, ndefu, imekimbia mpaka ukingoni mwa karatasi kama ya mtu anayewahi kikao. Hasira ikamtoka, ikabaki ile ya kujikasirikia mwenyewe, ambayo haina kelele.

"Mlinzi wa usiku," akasema. "Hapa hapajaandikwa kwamba alikuwa mlinzi."

"Fomu haiulizi, padre."

"Wala mimi sikuuliza." Akaisogeza pembeni ile karatasi. "Misa ya Tarsis kesho saa sita. Kingine?"

Mama Skola akamwambia la kutembea. Padre akahesabu kwa vidole: misa, Kinondoni, halafu Ukonga kabla ya saa kumi na moja, na foleni ya magari Ijumaa unaijua mwenyewe.

"Dakika kumi," akasema. "Zaidi ya hapo watu wa Ukonga watanizika mimi."

Jioni hiyo nyumbani kwa Tarsis turubai limefungwa toka ukuta mpaka nguzo ya umeme, wanaume kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka, nusu Waislamu nusu Wakristo kama mtaa ulivyo, sufuria la maharage linachemka uani. Sala zilipoisha, Mama Skola akasimama. Alikuwa mtu wa kusimama maisha yake yote, lakini dakika ile alitamani mkeka.

Alisema yote. Habari ya kanuni, ya Beno, ya mara tatu mlangoni, ya walokole na lile jibu lake la Mungu anajua. Hakulia, na hakupamba. Joyceline alikuwa nyuma kabisa, anamenya vitunguu, hakuinua kichwa.

Alipomaliza, mtu akaenda uani kukoroga maharage. Halafu bibi mmoja wa jumuiya, mama yake Sabina, akakohoa.

"Tulikubali wote, Skola. Siku ile mimi nilinyoosha mkono. Nilikuwa na hamu ya chai."

"Na mimi," akasema mwingine.

Katibu wa jumuiya, Eliakimu, mtu wa taratibu sana, akauliza kutoka upande wa wanaume, "Sasa kwa hiyo bado wewe ni mwenyekiti, au imekaaje?"

"Mtaamua Jumamosi," Mama Skola akamjibu. "Kwa leo nipeni kazi."

Wakampa nazi za kukuna.

Kesho yake, Ijumaa, misa ilijaa kuliko Jumapili nyingine, maana wateja wa Tarsis walikuja wote na viatu vyake miguuni. Bwana Hafidhi alitoka msikitini moja kwa moja, akawakuta Kinondoni, kanzu ameishika juu isiguse tope. Mama Skola alisoma historia ya marehemu: kuzaliwa Ndanda, kuja mjini kwa lori la korosho, kushona viatu miaka thelathini na minane. Tarsis akashushwa, udongo ukarudishwa, mashada yakawekwa. Padre akaangalia saa yake. Nje ya ukuta dereva wa gari la kwenda Ukonga akapiga honi moja fupi, ya adabu.

"Wapi sasa?" padre akauliza.

Joyceline akatangulia. Alienda kwa uhakika mpaka kwenye njia panda ya pili, akasimama, akageuka, akaenda kushoto, akarudi.

"Palikuwa na mwarobaini hapa."

Mwarobaini haukuwepo. Palikuwa na kisiki, na kuzunguka kisiki makaburi mapya, yamebanana, mengine vigae vinang'aa. Msalaba wa Beno ulikuwa wa mbao, na mbao Kinondoni hazikai. Wakaanza kutafuta. Watu kama ishirini wanatembea kwa kuruka ruka, wanasoma majina ya wageni, wanaombana radhi na marehemu waliowakanyaga. Eliakimu akapendekeza waende kwa mistari. Hakuna aliyemsikiliza. Mama Skola alikuwa anakimbia, sketi ameikusanya mkononi, anafukua majani kwa mguu, anafuta udongo kwenye kila kipande cha saruji anachokiona. Honi ikapigwa tena, safari hii si ya adabu sana.

"Mama Skola," padre akasema, "naweza kubariki kutoka hapa. Mungu anapajua."

"Hapana, padre," akasema, anahema. "Mkewe ndiye anataka kupajua."

Joyceline alikuwa amesimama katikati ya makaburi mikono kichwani. Alikuja hapa mara moja tu, siku ile, na siku ile alikuwa haoni vizuri.

Bwana Hafidhi ndiye aliyeita, kutoka upande wa ukuta, mbali kabisa na walipokuwa wanatafuta. "Ni huku. Tulimpitisha juu ya magunia ya saruji ya fundi mmoja, nakumbuka vijana walilalamika." Alikuwa amechuchumaa mbele ya tuta lililokaribia kuwa sawa na ardhi. Pembeni kuna kibao kidogo cha bati alichokwenda kukichongesha yeye mwenyewe wiki moja baada ya mazishi, hakumwambia mtu. Kutu imekula nusu ya maandishi, imebaki B na sehemu ya jina la ukoo.

Wakakusanyika. Joyceline akapiga magoti, akaanza kung'oa majani, wanawake wawili wakainama kumsaidia. Padre akafungua kitabu, akaiweka vizuri stola yake shingoni, akaelekea kwa Mama Skola, kwa mazoea, maana mwenyekiti ndiye anayemtambulisha marehemu.

"Jina lake kamili?"

Mama Skola akafungua mdomo. Miaka yote ile kwenye daftari lake, na hata kwenye ile fomu, alikuwa ameandikwa Beno mume wa Joyceline. Beno wa nani, alizaliwa wapi, alibatizwa kwa jina gani, alifika mjini lini, hakuwahi kuuliza. Watu wote wanamwangalia. Akatikisa kichwa.

"Sijui, padre."

Joyceline akaendelea kung'oa majani. Halafu akakung'uta mikono, akasimama.

"Benedikto Ndunguru," akasema. "Alizaliwa Mbinga. Alibatizwa ana siku nane, alikuwa anajisifu nazo hizo siku nane. Alikuja Dar kutafuta kazi ya kushona, akapata ya kulinda. Mchana alikuwa analala, akiamka anakula, akila anawakagua watoto madaftari, halafu anaondoka..."

Honi ikalia ndefu, dereva ameegemea kabisa. Padre Augustino akafunga kitabu juu ya kidole ili asipoteze ukurasa.

"Endelea, mama."

Joyceline akaendelea, na Mama Skola akageuka, akaanza kushuka kati ya makaburi kwenda getini kumwambia yule dereva azime gari.